Dawa Niliyompa Maitu

Jumatatu, 16 Juni 2003

Vifuniko viwili saa moja, kabla ya kengele. Viwili tena saa tano, chooni. Kikohozi kimya mchana kutwa.

Tumeshona miguu ya jinzi tangu asubuhi. Kitambaa cha buluu kinachotoa manyoya. Ukipangusa pua, kitambaa cha mkono kinatoka buluu. Kila mtu kwenye laini yetu anakohoa, lakini mimi nilikuwa nakohoa hadi natapika. Mwezi wa nne supavaiza alinisimamisha mbele ya wote akasema kiwanda si wodi. Akasema wanawake wamejaa getini wakitaka cherehani yangu. Hiyo ni kweli. Nawapita kila asubuhi.

Ndiyo nikaanza sirapu ya kikohozi. Kijiko kimoja mara tatu kwa siku, kama karatasi ilivyosema. Ikasaidia wiki mbili, halafu ikaacha. Sasa situmii kijiko.

Chupa inakaa mkobani, nimeiviringisha kwa soksi ya binti yangu Wambui isigongane na funguo. Mume wangu Kamau hajui. Si kwamba nimemficha, hajauliza tu.

Nimemficha.

Alhamisi, 19 Juni

Yule dada wa kemisti karibu na steji ameniuliza dawa ni ya nani. Nikasema ya mume wangu. Akasema, huyo mume amalize chupa ngapi, mwambie aende apimwe kifua. Alisema polepole, bila ubaya. Lakini kulikuwa na watu wawili nyuma yangu. Nilimwambia kama hataki kuuza aseme. Akauza. Sirudi huko.

Choo sijaenda siku ya tano. Tumbo gumu. Pua na mgongo vinawasha, najikuna hadi Wambui ananiangalia. Ana miaka minane, anaona kila kitu huyo.

Chakula hakina ladha. Niko na furaha lakini, jioni nikishakunywa. Furaha ya kukaa tu, mikono mapajani. Nguo za shule zimelala kwenye beseni tangu jana.

Jumapili, 22 Juni

Chupa iliisha jana. Leo kemisti zote nilizopitia zilikuwa zimefungwa. Nikajiambia basi, niache leo leo.

Kufikia mahubiri nilikuwa napiga miayo hadi taya inauma. Makamasi, machozi. Jasho shingoni na baridi yote hii ya Kitengela. Miguu haikutulia, nilikuwa naisogeza chini ya benchi mpaka mama aliyekaa mbele akageuka. Kamau akasema nimeshikwa na homa. Nikakubali ni homa.

Saa nane nilipata kemisti imefunguliwa, ile ya kule juu barabara ya Namanga. Nilikunywa nyuma ya kibanda cha makaa, nimesimama, kwa mdomo wa chupa. Muda mfupi tu na homa ikaisha.

Kwa hivyo si homa. Naandika hapa kwa sababu sina pengine pa kusema.

Ijumaa, 27 Juni

Sindano ya cherehani imenipita kidoleni, ukucha na yote. Aliyepiga kelele ni Achieng, anayeshona upande wangu wa kulia. Mimi niliangalia tu. Niliona damu kwenye jinzi nikafikiria jinzi. Uchungu ulikuja baadaye, na ulikuwa mdogo.

Walipomaliza kunifunga kidole Achieng alinishika kidevu akanigeuza kwenye dirisha.

"Mwende, macho yako yana nini? Hiyo nyeusi ya katikati imekuwa kidogo kama mbegu ya mboga ya terere."

Nikasema ni mwanga. Hakuamini.

Kamau ameondoka kwenda Illasit kununua nyanya na vitunguu. Atakaa wiki mbili, labda zaidi. Alipofunga mlango nilifurahi. Miaka kumi ya ndoa na sijawahi kufurahia mgongo wake ukienda. Hiyo imenitisha kuliko kidole.

Jumamosi, 28 Juni

Kiserian. Nilimwacha Wambui kwa jirani nikasema naenda kuangalia mitumba. Sikuangalia mitumba. Kitengela wameanza kunijua.

Kemisti tatu, chupa tatu, wagonjwa watatu wa uongo. Wa mwisho nilisema ni baba yangu mzee. Muuzaji akaanza kunieleza vizuri kabisa: mzee asipewe bila kuonwa na daktari, hasa kama kifua chake ni kibovu, na isichanganywe na pombe wala dawa nyingine za kuleta usingizi. Nilitingisha kichwa kama mwanafunzi mzuri. Nilikuwa nangoja anyamaze anipe.

Jumatano, 2 Julai

Nyokabi amepiga simu kwa jirani. Ni dada ya Kamau, ana duka Ngong. Anasema Maitu anakohoa sana huko Kajiado na yuko peke yake, na yeye hawezi kufunga duka. Niende wikendi.

Maitu ni mama mkwe wangu. Kwa Kikuyu ni mama; sisi Wakamba tunasema Mwaitu, na hadi leo ulimi wangu unateleza huko. Yeye hucheka. Nilipoolewa ndugu za Kamau walinuna, wakauliza kama wasichana wa kwao wameisha. Maitu akauliza swali moja tu, kama najua kupika mukimo. Sikujua. Akanifundisha siku hiyo hiyo, nikiwa bado na viatu vya safari. Wambui ana jina lake.

Nitaenda. Chupa moja imeisha, ya pili nimeifungua leo, ya tatu nimeificha ndani ya debe la unga. Ya pili nitaibeba.

Jumamosi, 5 Julai

Kajiado. Upepo na vumbi. Maitu amekonda. Anakohoa ameinama, ameshika meza, na akimaliza anabaki hapo akivuta hewa. Kifua chake kimekuwa kibaya miaka mingi, kwa sababu ya moshi wa jikoni. Hospitali hataki kusikia. Amejaribu tangawizi, amejaribu kujifukiza majani ya mkaratusi.

Jioni, jua likiwa bado, nilimpa kifuniko kimoja. Alilamba midomo. Akakohoa mara mbili tatu akatulia, na akala ugali wake wote.

"Mwana wakwa," akasema, "dawa kama hii ulikuwa unaificha wapi?"

Nikacheka. Nilisikia vizuri moyoni. Kwa mara ya kwanza ile chupa imefanya kitu ninachoweza kumwambia mtu.

Jumapili, 6 Julai

Niko hospitali, kwenye benchi. Maitu haamki. Anapumua lakini haamki.

Sina cha kufanya na mikono.

Jumatatu, 7 Julai

Nitaandika yote kwa mpango wake.

Jana asubuhi alikohoa tena, vibaya kuliko juzi. Alitaka kwenda kanisani lakini hakuweza hata kufunga vifungo vya sweta. Nikampa vifuniko vitatu. Mimi hunywa vinne na bado nashona. Ndivyo nilivyofikiria, hakuna zaidi. Nikaongeza vidonge viwili vya mafua, vile vidogo vya manjano vinavyoleta usingizi. Nikamfunika nikamwambia alale, tukirudi tutapika. Halafu nikampa mgongo nikanywa vyangu. Wambui alikuwa amesimama mlangoni na kiatu kimoja mkononi.

Tulirudi kutoka kanisani saa saba. Wambui aliingia kwanza kwa nyanya yake, akatoka.

"Mami, Cucu anakoroma vibaya."

Hakukuwa kukoroma. Alikuwa anavuta hewa kama mtu anayevuta maji kwa mrija ulioziba. Halafu kimya. Halafu tena. Midomo ilikuwa ya kijivu. Nilimwita kwa jina la mama na kwa jina lake. Nilimpiga mashavu, nikammwagia maji ya mtungi. Alifungua jicho moja kidogo likajifunga. Nilipoinua mkono wake ulianguka wenyewe.

Jirani wa karibu ni Baba Naserian, Mmaasai, ua wake unapakana na wa Maitu. Alikuwa anashusha nyasi za ng'ombe kwenye pikapu. Nilipiga nduru. Alikuja akambeba Maitu mwenyewe, akamweka kiti cha mbele, mimi nikishika kichwa, Wambui nyuma kwenye nyasi. Njiani aliuliza mara moja tu, "Amekula nini?"

Nikasema chai.

Daktari alikuwa kijana, mwembamba, koti la kumzidi. Akauliza kama ana presha, kama ana sukari, kama ameanguka. Akauliza, "Kuna dawa yoyote amekunywa leo?"

Nikasema hapana.

Wambui alivuta pumzi kando yangu. Akasema, "Mami, lakini..." Nikamfinya mkono. Nilimfinya kwa nguvu, kucha zikaingia. Akaniangalia, akaangalia sakafu, akanyamaza. Alinyamaza vizuri sana. Mtoto wangu wa miaka minane.

Daktari akamulika macho ya Maitu na tochi. Akasema huenda ni kiharusi, labda mshipa umepasuka kichwani. Lakini hakuridhika, akarudia kumulika. Akaniuliza tena, dawa? Ya presha, ya kulala, hata ya kienyeji? Nikasema hapana mara ya pili. Basi akasema apelekwe Nairobi akapigwe picha ya kichwa. Gari likaanza kutafutwa. Muuguzi akamwekea hewa ya mtungi puani.

Niandike nilichofikiria, maana nisipokiandika nitakisahau kwa makusudi. Nilifikiria, labda kweli ni kiharusi. Nilifikiria, nikisema, Kamau atajua kila kitu. Nilifikiria, naweza kusema alijinywea mwenyewe. Mama mzee, hajui kusoma, amekuta chupa mezani, ni tamu. Niliipanga hiyo hadithi vizuri. Chupa ilikuwa imebaki kidogo chini, mtu yeyote angeamini. Kile kingine kilichopungua nilikinywa mimi.

Kifua cha Maitu kilipanda. Nikahesabu mpaka kipande tena. Tisa. Kikapanda. Kumi na moja. Nikageuka nikaona midomo ya Wambui inasonga. Alikuwa anahesabu pia. Tulikuwa tunahesabu pamoja na hakuna aliyemwangalia mwenzake, na gari la Nairobi lilikuwa linarudi nyuma kuja mlangoni.

Nikatoa chupa kwenye mkoba.

"Nimempa hii. Vifuniko vitatu asubuhi. Na vidonge viwili vya mafua. Na jana jioni kifuniko kimoja."

Daktari alisoma karatasi ya chupa mara moja tu. Hakunigombeza. Hata hakuniangalia. Alimtajia muuguzi jina la sindano, halafu akaona anachelewa akakimbia mwenyewe kuitafuta.

Walimdunga mshipani. Nilikuwa nimeshika chuma cha kitanda. Baada ya muda kidogo Maitu alivuta pumzi moja ndefu, akafungua macho, akatapika, akaanza kulia na kutukana kwa Kikuyu. Sijawahi kumsikia akitukana. Nilikaa sakafuni.

Nilidhani imeisha. Daktari akasema bado. Sindano inaisha nguvu haraka, sirapu inabaki mwilini. Anaweza kurudi alikokuwa. Wakamwacha karibu na meza ya wauguzi, na saa kumi kasorobo akarudi kweli. Alikuwa ananiuliza nani amefunga kuku. Katikati ya swali macho yakajifunga na pumzi zikaanza kuachana. Wakamdunga tena. Safari hii ilishika.

Leo asubuhi amekunywa uji. Wamegundua ana nimonia. Ndiyo ilikuwa inamkohoza. Sirapu ilikuwa inakinyamazisha kifua huku ugonjwa ukiendelea ndani.

Daktari aliniita kando. Nilijua atanilaumu. Akasema, "Na wewe unakunywa kiasi gani kwa siku?"

Sikuwa nimemwambia. Alikuwa ameona macho yangu.

Nikamwambia. Sikuwahi kusikia kile kiasi kikitoka mdomoni mwangu. Akaniambia sirapu ina kitu cha jamii ya afyuni kinachopunguza pumzi, mwili wangu umefundishwa kidogo kidogo kukivumilia, na wa Maitu haukufundishwa, tena ni mzee na kifua ni kibovu na vidonge vya mafua vilizidisha. Akasema hata mwili uliofundishwa una siku yake unakataa. Watu hawaiogopi kwa sababu inauzwa dukani bila cheti. Angenigombeza ningepumua. Aliongea nami kama mgonjwa.

Jumanne, 8 Julai

Kamau amefika na lori la vitunguu, ananuka vitunguu. Nilimngojea nje, kwenye ukuta wa hospitali, nikamwambia kabla hajaingia. Yote. Kiwandani, kibanda cha makaa, Kiserian, mkono wa Wambui.

Aliuliza, "Tangu lini?" Nikasema mwezi wa nne. Halafu akaingia kwa mama yake, akaniacha hapo.

Nyokabi naye amekuja kutoka Ngong. Yeye hakunyamaza. "Ulitaka kuniulia mama na dawa yako ya ulevi!" Wodi nzima ikageuka. Mlevi mimi? Sijawahi kuonja hata muratina, ile pombe ya harusi. Nimelizungusha hilo neno kichwani siku nzima nikitafuta mahali halinitoshi. Linanitosha.

Nilimletea Maitu chai ya chupa. Alifungua kifuniko, akanusa, akampa Nyokabi.

Alinusa tu.

Alhamisi, 10 Julai

Nyumba ya Maitu, Kajiado; yeye bado yuko wodini. Siku ya nne bila.

Tumbo linakata. Kuhara. Mifupa ya miguu inauma ndani kabisa, mahali mkono haufiki. Natetemeka na blanketi mbili. Usingizi hakuna. Chafya kumi zikifuatana. Daktari alisema itakuwa hivi, akanipa chumvi za kukoroga na vidonge vya tumbo, akasema haitaniua. Siamini.

Kamau ananipikia uji na kuuweka mlangoni. Hatuongei. Wambui amepelekwa kwa Baba Naserian kucheza na wenzake. Namsikia akijibu salamu kwa Kimaasai, anacheka. Akirudi hapa hachekii mtu.

Iko chupa moja Kitengela, ndani ya debe la unga. Nimemwambia Kamau kila kitu isipokuwa hiyo.

Ijumaa, 11 Julai

Debe la unga. Debe la unga. Debe la unga.

Jumamosi, 12 Julai

Nilimwambia Kamau naenda Kitengela kuomba ruhusa kiwandani. Alisema sawa. Aliniamini, au alichoka.

Sikwenda kiwandani. Nilifungua mlango na kabla sijavua viatu nilikuwa nimeingiza mkono kwenye unga hadi kiwikoni. Nilikunywa kifuniko kimoja. Cha pili. Tamu ile ile. Nilikaa sakafuni nikingoja maumivu yaondoke, na yakaanza kuondoka, na nikaanza kulia kwa sababu ilikuwa nzuri sana.

Nilipotaka cha tatu niliona kucha zangu. Nikakumbuka alama nne kwenye mkono wa Wambui. Zilikuwa bado nyekundu Jumatatu.

Sikumwaga. Nimesikia watu wakitoa ushuhuda kanisani, walichukua wakamwaga. Mimi mikono ilikataa. Nilifunga chupa nikatembea nayo hadi kwa Achieng, nyumba nne kutoka kwangu, unga umenijaa kifuani. Nikampa nikamwambia mwaga na usinirudishie hata nikilia. Akamwaga kwenye mtaro nikiangalia. Nzi walikuja mara moja. Nililia, na hakunirudishia. Alinikalisha kwake hadi alasiri, akanipa sukuma na ugali, akaniambia dada yake mdogo alikuwa anaongeza hiyo kitu kwenye soda, na kwamba alinijua siku ya sindano.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Ulisema ni mwanga."

Jioni nimerudi Kajiado nikamwambia Kamau. Debe, vifuniko viwili, mtaro. Nilidhani ataondoka. Alikaa kitandani upande wa miguu, akavua kofia. Akasema, "Kuna nyingine?" Nikasema hakuna. Akauliza tena. Nikasema hakuna. Akasema ataamini kesho, leo amechoka.

Alhamisi, 24 Julai

Siku ya kumi na mbili tangu debe. Napata usingizi wa saa nne, tano. Ladha ya chakula imerudi.

Daktari amenipima kifua mwenyewe. Ni pumu, inaletwa na yale manyoya ya kitambaa. Ilikuwa ni pumu tangu mwezi wa nne. Nimepewa dawa ya kuvuta kwa mdomo na barua ya kupeleka kazini. Nitakuwa naonana na muuguzi kila Alhamisi, nimwambie ukweli hata kama ni mbaya. Ni mama mnene, mkali. Ananiuliza umekunywa, hapana, umetamani, ndiyo, mara ngapi. Anaandika. Nampenda.

Kiwandani cherehani yangu imepewa mtu mwingine. Supavaiza alisoma barua, akasema nipelekwe chumba cha kukunja na kupakia. Huko hakuna manyoya mengi. Hakuuliza zaidi na mimi sikueleza. Wengi kwenye laini bado wanakohoa. Najua angalau wawili wanaoenda chooni na mkoba.

Nimemwomba Wambui msamaha. Nilimwambia siku ile alikuwa anasema ukweli na mimi nilikosea kumnyamazisha, na asikubali tena mtu amfinye anyamaze, hata mimi. Akasema "sawa" haraka sana. Halafu akauliza kama Cucu angekufa ningeenda jela. Nikasema sijui. Akafikiria. Akasema yeye angesema mwishowe, hata ningemfinya.

Nimefurahi. Imeniuma na nimefurahi.

Jumapili, 10 Agosti

Nilimwona yule mama wa nyumba ya kona akimpa mtoto wake mchanga sirapu ya kikohozi kwa kijiko cha supu, "alale nimalize kufua". Nilimshika mkono. Nilimshika vibaya, dawa ikamwagika, akanitukana. Nikamwambia kuhusu Maitu pale pale, mbele ya wanawake wote wa mferejini. Nilisema jina la ile kitu na nilisema mimi ndiye niliyempa, na nikasema mimi mwenyewe nilikuwa nakunywa. 

Kufikia jioni ploti nzima itakuwa inajua. Wacha ijue. Naogopa lakini wacha ijue.

Maitu hajanitumia salamu tangu alipotoka hospitali. Anamtumia Kamau, anamtumia Wambui.

Jumatano, 20 Agosti

Nyokabi amepiga simu kwa jirani akaniita mimi, si Kamau. Sauti kavu. Maitu anataka blanketi zifuliwe kabla ya mvua na anasema yeye Nyokabi hajui kukamua. "Amesema uje wewe. Mimi ningekuwa yeye nisingekuita." Nikasema najua.

Jumamosi, 30 Agosti

Kajiado. Jua zuri. Maitu amenenepa uso. Alinipokea kama mgeni, akanionyesha maji yalipo kana kwamba sijui. Nilisema Mwaitu kwa makosa. Hakucheka, lakini hakununa.

Nilipika chai. Niliimimina kwenye vikombe mbele yake, nikanywa changu kwanza. Aliniangalia nikinywa. Akasema, "Acha hayo," akachukua chake akanywa. Baadaye akasema Nyokabi alimweleza yote na Kamau alimweleza yote, na kwamba kila mmoja alieleza tofauti, na hataki kuelezwa tena. Anataka blanketi.

Tulifua, mimi na Wambui, blanketi tano. Kukamua kunanichosha lakini kifua kimekubali. Mchana Maitu alijilaza kwenye mkeka kivulini, kitambaa cha kichwa kimefunika macho. Wambui alienda kwa Baba Naserian kuona ndama. Nilikuwa napita na beseni nikasimama. Sikutaka kusimama. Nilisikiliza. Nikaweka beseni chini nikakaribia kidogo, nikaangalia kifua chake, kikapanda, kikashuka, nikangoja.

"Mwende," akasema chini ya kitambaa. "Napumua. Anika nguo, jua litaenda."

Nikaanika.